Namna Jemadari wa Kabatini Alivyopata Upanga

Sogeeni, enyi mlio mbali, na ninyi mlio karibu msisukumane, kwa maana habari ninayoileta ni nzito kuliko hilo benchi mlilolikalia. Wenye redio wazime. Wenye simu wazilaze kifudifudi. Nasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni, baina ya kabati la vioo na meza ya chakula, na mtu mmoja akatoka humo na kidole kilichoungua na jina lisilofutika. Na wewe unayeguna hapo nyuma, uliyedhani nitaleta habari za wafalme, guna polepole. Wafalme wamesimuliwa vya kutosha, na sijasikia hata mmoja aliyewahi kushindania soketi na mama mkwe wake.

Ewe ulimi wangu, usiteleze. Ewe kumbukumbu, usinidai chai kabla hatujafika mwisho. Haya, twende.

Alikuwako fundi, mtengenezaji wa madirisha na milango ya alumini, ambaye karakana nzima ilimwita Vipimo. Huyo ndiye Vipimo, bwana wa futikamba, mla vumbi la msumeno, mkata fremu asiyerudia, ambaye penseli yake ilikaa sikioni hata siku ya harusi yake, na picha zipo. Naye alikuwa na kanuni moja aliyorithishwa na aliyemfundisha kazi, nayo ni hii: dirisha lazima lipumue. Ukishapima nafasi ya dirisha, ondoa milimita tatu ndipo ukate, ili alumini ikipata joto na kuvimba isibane ukutani ikagoma kufunguka. Kanuni hiyo ilikuwa imemlisha, ikamvisha, ikamlipia na mahari, na mkono wake uliitii kabla kichwa hakijaulizwa.

Lakini moyo wa Vipimo haukukaa madirishani. Ulikaa kwenye kabati la vioo la sebuleni, ambamo lilikuwa limepiga kambi jeshi lake la roboti za kuchezea, zile zinazokusanywa na watu wazima wenye akili timamu. Mkewe kila aliposikia maneno hayo ya mwisho aliongeza "eti". Walikuwamo wa buluu na wa njano, mmoja hukunjwa akawa ndege, mwingine akawa gari la wagonjwa, na mbele yao wote alisimama Jemadari, mrefu kama chupa ya chai, kifua chekundu, miguu ya kijivu, ambaye ukimkunja magoti na kumzamisha kichwa anakuwa lori. Vipimo alikuwa amemnunua mkononi mwa mtu, bila boksi na bila silaha. Mkono wa kulia wa Jemadari ulinyooka mbele, ngumi imefumbwa, na katikati ya ngumi mlikuwa na tundu tupu lililoumbwa kushika upanga, nao upanga ulikuwa umepotea zamani huko kwa wenyewe wa kwanza.

Basi katika siku hizo akaja Mama Mkwe. Alikuwa amepasuliwa goti, akaja kwa binti yake kupona, akiwa na fimbo mkono mmoja na boksi la vikombe vyenye maua mkono wa pili. Huyo ndiye Mama Mkwe, mpishi mkuu mstaafu wa jiko la hospitali, aliyeamrisha masufuria na watu kwa sauti ile ile, mwenye macho ya kuona chumvi iliyozidi tangu mlangoni. Tangu alipomwoza binti yake, Vipimo hakuwahi kusikia kwake neno la sifa. Kila alichomfanyia kilipokelewa kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Jambo hilo lilimuuma fundi wetu, akajifanya halimuumi.

Ikawa Alhamisi, baada ya chakula cha jioni, Mama Mkwe akaegemeza fimbo yake kwenye meza, akakohoa.

"Baba," akanena, "mimi si mgomvi."

Binti yake akaacha kukusanya sahani, kwa sababu alimjua mama yake, na maneno hayo hayakuwahi kufuatwa na amani.

"Jumapili dada zangu wanakuja kunijulia hali. Vikombe vyangu viko uvunguni mwa kitanda kama vitu vya wizi, na kabati zuri lote hili limejaa vidude. Sawa, vidude vyako, sikatai, kila mtu na lake. Lakini huyu mkubwa wao! Amenyoosha mkono kama konda anadai nauli. Dada zangu wakiniuliza huyu anaomba nini, niwajibu nini mimi?"

"Mama, kilichokosekana ni silaha yake tu..."

"Basi apewe. Jumapili akiwa na kitu cha maana mkononi, akae, sina neno. Akiwa bado anaombaomba, yeye na ukoo wake wanaingia kwenye boksi, vikombe vyangu vinaingia kabatini. Nimemaliza."

Hapo Vipimo akasimama, kiti kikasogea nyuma kwa kishindo, akaweka kiganja kifuani, akasema kwa sauti ya kuhutubia: "Mama, umenena, na neno lako limefika. Nami naapa mbele ya masufuria haya na mbele ya binti yako: kabla dada zako hawajafika mlangoni, Jemadari atakuwa ameshika upanga. Upanga huo hautatoka dukani wala hautaombwa kwa mtu. Utachorwa na kichwa hiki, utazaliwa na mikono hii hii mnayoiona!"

"Hiyo mikono kaioshe kwanza," mkewe akasema. "Ina mafuta."

Akaenda akaiosha. Shujaa wa kweli hutii pale inapobidi.

Sasa lazima niwaambie silaha za vita. Mwisho wa meza ya chakula, palipostahili kukaa mgeni wa nane, ilikaa printa. Nayo si ile printa ya karatasi mnayoijua, inayokwama siku ya haraka. Hii hula uzi wa plastiki, ikauyeyusha kwa pua ya moto, ikaupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kikasimama mezani. Mke wa Vipimo alikuwa ameizoea kama watu wanavyomzoea mpangaji asiyehama. Ilikuwa na kelele ya mbu mkubwa, na chakula kililiwa kwa kuinama upande mmoja.

Ijumaa alipotoka kazini hakuvua hata viatu. Alimtoa Jemadari kabatini kwa mikono miwili, akamlaza juu ya taulo, akachukua kalipa yake, ile rula yenye taya mbili, akaingiza taya katika tundu la ngumi. Milimita tano. Akafungua kompyuta, akachora upanga wenye makali mawili, mfereji katikati, na nyota shingoni, pale makali yanapokutana na mpini, nyota ambayo hakuna aliyemtuma kuiweka. Akaja kwenye unene wa mpini. Na hapo, enyi wasikilizaji, mkono ukatii kanuni yake ya zamani kabla kichwa hakijaulizwa: tano, toa tatu, mbili. Akabonyeza. Printa ikaanza kuimba.

Upanga ulipokamilika, Vipimo akaita nyumba nzima. Mkewe akaja na taulo la jikoni begani. Mama Mkwe akaja na kikombe cha chai, akasogea karibu na kabati kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mtu akisema hajali jambo, mtazame miguu yake.

"Leo," Vipimo akatangaza, "mkono uliokaa mtupu miaka na miaka unafumba juu ya haki yake!"

Akausogeza mpini kwenye tundu. Uliingia bila hodi, bila ubishi. Jemadari akasimama na upanga wake, mwekundu na wa kutisha, na utukufu huo ukadumu kwa muda wa mtu kusema "ona." Kisha upanga ukainama, ukafikiri kidogo, ukateleza wote ukachomoka ngumini, ukaanguka, chubwi, ndani ya kikombe cha Mama Mkwe.

Mama Mkwe akatazama kikombeni.

"Huu ndio upanga wenyewe?"

"Ndio, mama."

"Unaelea," akasema, akaenda kumwaga chai.

Masalale! Vipimo alitamani sakafu ipasuke immeze na kompyuta yake. Mkewe akajizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akamkalia pembeni.

"Tundu umepima ngapi, Fundi?"

"Tano."

"Mpini umekata ngapi?"

"Mbili."

"Tatu zimekwenda wapi?"

"Za kupumua."

"Apumue nani?"

Vipimo akamgeukia Jemadari.

"Fundi wangu, hilo si dirisha. Huyo ni mdoli. Hana mapafu."

Kweli huuma, na ikisemwa na mke huuma mara mbili. Vipimo akalala na hasira, akaamka nayo, na Jumamosi asubuhi hasira ikamtuma kosa la pili. "Kama kupumua hakutakiwi," akasema, "basi nafasi hakuna hata ya unywele!" Akachora mpini wa milimita tano kamili, akachapa, akauleta. Alisahau kwamba plastiki ya moto ikilazwa hunenepa kidogo ubavuni. Mpini ukagonga tundu, tundu likakataa. Akasukuma, likakataa. Akamshika Jemadari kiunoni, akatanua miguu, akakaza meno, akasukuma kwa nguvu zilizowahi kunyanyua geti la chuma, na kwa kweli upanga ukaingia nusu. Kisha pakasikika mlio, tak, na Vipimo akajikuta ameshika upanga, upanga umeshika ngumi, ngumi imeshika mkono, na mkono haujashika chochote, kwa maana bega lilikuwa limebaki kwa mwenyewe.

Mama Mkwe alikuwa kwenye kochi, goti juu ya mto. Akanyoosha shingo.

"Angalau ameacha kuomba," akasema.

Nisiwafiche: hapo shujaa wetu alikaribia kushindwa. Mkono ulirudishwa begani, kwa sababu viungo vya roboti hawa vimeumbwa kukubali maafa, na mpini ulichomolewa kwa koleo, ukakatika. Lakini alipolitazama kabati, akayaona macho ya jeshi lake nyuma ya kioo, na boksi la vikombe ambalo tayari lilikuwa limeletwa sebuleni na kuwekwa mlangoni, kwa bahati mbaya kabisa, roho ilimsinyaa. Hakuogopa kabati peke yake. Aliogopa kwamba Jumapili wangekuja wale akina mama, wangemkuta mkwe ambaye ameshindwa hata kumshikisha mdoli upanga, na kicheko hicho kingesafiri hadi kwenye ukoo wote.

Akakaa chini. Akatulia. Akakumbuka namna anavyojaribu kioo ndani ya fremu: huchukua kipande cha karatasi, akakipenyeza ubavuni mwa kioo, na karatasi ikipita kwa kusuguliwa, bila kuchanika wala kuanguka, kazi imekaa. Akachukua ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, akaupima kwa kalipa. Akachora upya: tano, toa unene wa karatasi huku, toa unene wa karatasi kule. Tena safari hii akaulaza upanga chali badala ya kuusimamisha, ili tabaka zifuate urefu wake na usikatike kirahisi. Akagusa pua ya printa kuitoa uchafu, akaungua kidole, akakinyonya, akabonyeza. Printa ikaimba. Naye, mwenye vumbi na matumaini, akaenda kuoga.

Ninawaomba sasa mjikaze, maana tumefika penye msiba. Mama Mkwe alisikia kiu ya chai. Goti halikumruhusu kwenda jikoni na kurudi, akaagiza birika la umeme liletwe mezani. Akatafuta pa kulichomeka. Soketi ilikuwa moja, nayo ilikuwa na waya wa mtu. Akauchomoa. Printa, iliyokuwa imefika kwenye tabaka la mwisho kabisa la upanga, ikaguna mara moja ikanyamaza, na birika likaanza kuvuma kwa furaha.

Vipimo akatoka bafuni mbio, taulo kiunoni, povu kichwani, kwa sababu sikio la fundi huusikia ukimya. Akaona waya sakafuni. Akaona birika. Akamwona aliyelichomeka. Lo! Maneno yalimpanda kifuani kama jeshi zima, yamejipanga, yamenolewa, na kwa mtu mwingine yeyote duniani angeyaachia yote. Lakini huyu ni mama mkwe, na mkwe hafokewi. Maneno yakafika kooni yakageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si tulisalimiana asubuhi?"

"Tulisalimiana, mama. Nimeona nirudie."

Akarudi bafuni, akafunga mlango taratibu kabisa. Utaratibu ule ulimshtua Mama Mkwe kuliko kelele yoyote.

"Amepatwa na nini huyu?" akamuuliza binti yake.

"Umemuulia upanga, mama. Hiyo mashine ikikatwa umeme haiendelei ilipoachia. Inaanza mwanzo. Lilikuwa limebaki tabaka moja tu."

Mama Mkwe akageukia printa. Alilitazama lile pande la upanga lisilokamilika, akalitazama birika, akalichomoa kabla maji hayajachemka. Na Vipimo alipotoka tena, amevaa, uso umemwanguka, alimkuta mama huyo amevuta kiti chake mpaka ukutani, ameketi ubavuni mwa soketi, fimbo ameilaza magotini.

"Chomeka waya wako," akasema. "Anzisha."

"Mama, pumzika tu, nita..."

"Nimesema anzisha. Hapa hapiti mtu."

Na ndivyo alivyolinda, jamani! Nani amewahi kuona mlinzi wa namna ile? Alikunywa maji baridi, yeye ambaye maji baridi aliyaita ugonjwa. Jirani alikuja kuazima chaja akarudi mikono mitupu. Mwishowe akaja binti yake mwenyewe, pasi mkononi, gauni begani.

"Mama, dakika mbili tu. Gauni la kesho."

"Livae na mikunjo yake."

"Mama!"

Fimbo ikapigwa sakafuni. "Hii nyumba haina adabu? Mtu anafanya kazi!"

Mke wa Vipimo akamtazama mumewe, Vipimo akatazama dari, akauma mdomo ili furaha isimtoke usoni mapema. Akavuta kiti naye akaketi upande wa pili wa printa. Wakakaa hivyo, mkwe na mkwewe, alasiri ile yote, wakitazama pua ya moto ikienda na kurudi.

"Hapo inafanya nini?" Mama Mkwe akauliza.

"Inajaza tumbo la mpini, mama."

"Kwa nini inajaza kwa matundutundu? Inabania plastiki?"

"Ni ili uwe mwepesi, usimlemee mkono."

"Hmm." Akasogeza kiti mbele kidogo. "Na nyota hii?"

"Hiyo ni urembo tu, mama."

"Imependeza," akasema, kisha akakunja uso haraka, kana kwamba neno limemponyoka.

Ukatoka upanga. Vipimo akaukwangua kwa wembe, akaupitishia msasa, akaupuliza. Akamsimamisha Jemadari katikati ya meza. Safari hii hakuhutubu. Akaweka mpini mdomoni mwa tundu, akasukuma kwa kidole gumba, na mpini ukaingia kwa kusuguliwa, polepole, mpaka nyota ikagota ngumini. Tik.

"Mpindue," Mama Mkwe akaamuru.

Akampindua, kichwa chini, miguu juu. Upanga haukutoka.

"Mtikise."

Akamtikisa.

"Unambembeleza! Mtikise kama unampukuta vumbi!"

Akamtikisa mpaka mabega yakalia na penseli ikamdondoka sikioni. Upanga ukakaa kiganjani. Mama Mkwe akaushika kwa vidole viwili, akauvuta, akauachia.

"Umeshika," akasema, akainuka kwa fimbo yake, akaenda kulala kidogo.

Umeshika! Neno moja, tena fupi. Mkewe akamkumbatia, akampongeza, akamtania, lakini Vipimo akabaki na kitu kidogo kinachochoma, kwa kuwa alidhani safari hii angepewa angalau mawili.

Jumapili ikafika, na akina mama wakafika nayo, manukato mbele, vicheko nyuma. Boksi lilikuwa limefunguliwa, vikombe vyenye maua vikapangwa mezani, na kabati likabaki na wenyewe, Jemadari mbele, upanga umeinuliwa. Vipimo alikuwa jikoni akikoroga sukari kwenye chai ya wageni, mlango uko wazi, akasikia sauti ya dada mkubwa wa Mama Mkwe sebuleni.

"Hiki kidude kizuri! Hebu nikione..."

"Usiguse!" Fimbo iligonga sakafu. "Huyo ni Jemadari. Na huo upanga haununuliwi popote, usijisumbue kutafuta. Umechorwa humu ndani, umetengenezwa hapa hapa mezani, nikitazama kwa macho yangu. Mara ya kwanza ulikataa, ya pili ukakataa, mtu hakukata tamaa. Mimi nilimharibia kwa ujinga wangu, na hakuniambia hata neno baya."

"Makubwa! Nani huyo?"

"Mwanangu."

"Mwanao yupi tena? Wewe si una mabinti watupu?"

"Ninaye wa kiume," Mama Mkwe akasema. "Yuko jikoni anakoroga chai."

Kijiko kikaendelea kuzunguka ndani ya birika. Kikazunguka, kikazunguka.

"Fundi," mkewe akanong'ona, "sukari imeshayeyuka."

"Najua," akasema, na hakutoka jikoni mpaka alipojifuta uso kwa taulo la sahani.

Basi itangazwe hivi kwa waliokuwapo na watakaozaliwa: kwamba katika zama zile palisimama mwanamume mbele ya tundu la milimita tano, likamshinda, likamshinda tena, naye akalishinda. Wenye miji yao na waihesabu, wenye majeshi yao na wayapange. Vipimo alibeba sinia, akaingia sebuleni, akawaamkia akina mama mmoja mmoja, na alipofika kwa mama yake akammiminia chai yeye kwanza.